KUTEMBEA UHOLANZI: MANENO KWA FAMILIA ZINAZOJIANDAA KUONDOKA

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa familia zinazosubiri safari ya kwenda Uholanzi, pamoja na majirani waliofika kusikiliza. Msemaji aliishi kambini mkoani Kigoma kabla ya kuhamia huko. Tunayachapa kwa faida ya wakazi wote.)

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu: namna ya kutembea katika nchi ya Uholanzi katika wiki za mwanzo. Sitasema juu ya chakula wala shule wala kazi. Nitasema juu ya kutoka mlangoni, kufika unakokwenda, na kurudi nyumbani salama. Mtaona wenyewe kwamba hayo mengine yanategemea hili.

Kwanza niondoe wasiwasi. Mazungumzo haya si orodha ya majina. Kuja kusikiliza hakumfanyi mtu achaguliwe, na kutokuja hakumwondoi mtu. Tena kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi hata senti moja. Mtu akikuomba fedha ili jina lako lipite, nenda ukamtaje kwenye ofisi ya ulinzi.

MLANGO UKO WAZI

Hapa ukitaka kwenda mjini unaomba kibali. Tumezoea hivyo, na watoto waliozaliwa kambini hawajui utaratibu mwingine. Kule, mtu mwenye hati yake ya ukaazi haombi kibali cha kutoka mji huu kwenda mji ule. Anafunga mlango wake na kwenda.

Lakini nimeona jambo la kusikitisha. Watu waliokaa miaka mingi wakiitamani ruhusa ya kutoka, wakifika kule wanakaa ndani. Nilimfahamu mama mmoja mwenye watoto watano aliyekaa miezi minne bila kwenda mbali kuliko duka la karibu. Hakuna aliyemkataza. Aliogopa treni, aliogopa baiskeli zinazopita kama nyuki, aliogopa kupotea na kukosa neno la kuulizia. Ikawa binti yake wa miaka 12 ndiye anayempeleka hospitali na ofisini, na siku hizo binti hakwenda shule. Mama akawa anaongozwa kama mtoto, na mtoto akabeba mzigo wa mama.

Ndiyo maana nimekuja. Sitaki lililompata yule mama liwapate ninyi.

NCHI YENYEWE

Uholanzi ni nchi ndogo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 41,500, maji yakiwamo. Ni kubwa kuliko Burundi lakini haifiki hata Burundi mbili. Watu wake wamepita milioni 18. Mnajua reli yetu ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina kilomita zaidi ya 1,200. Uholanzi kutoka Groningen kaskazini hadi Maastricht kusini ni safari ya treni ya saa nne na kidogo, nawe umevuka karibu nchi nzima. Kutoka Amsterdam hadi Utrecht haifiki nusu saa.

Kwa hiyo ukisikia ndugu yako kapelekwa mji mwingine, usilie kwamba mmetenganishwa. Mara nyingi mtaweza kutembeleana na kurudi siku hiyo hiyo.

Nchi ni tambarare. Karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, na watu wameilinda kwa kuta za udongo na mifereji. Hakuna mlima wa kukuonyesha njia. Sisi tumezoea kusema, "Panda kilima kile, ukione kisima, pinda kushoto." Kule mitaa inafanana na nyumba zinafanana, kwa hiyo inakubidi ujifunze kutumia anwani.

ANWANI

Kila nyumba ina namba, na kila mtaa una alama ya posta yenye tarakimu nne na herufi mbili. Alama hiyo pamoja na namba ya nyumba zinatosha kumfikisha mtu mlangoni kwako, hata asipojua jina la mtaa.

Siku ya kwanza kabisa, andika alama yako ya posta na namba ya nyumba kwenye karatasi ndogo. Mpe kila mtu wa nyumbani nakala yake, na mtoto mdogo mtilie mfukoni. Usitegemee simu peke yake, kwa maana simu huisha chaji, na baridi huifanya iishe upesi zaidi. Mtu aliyepotea akimwonyesha mpita njia karatasi hiyo ataelekezwa, hata kama hajui neno moja la Kiholanzi.

SAA

Hapa naomba msikilize sana, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi.

Kwenye vituo saa huandikwa kuanzia 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Basi fanya hivi: asubuhi na mchana, toa 6. Ikiandikwa 14:32, toa 6, unapata saa nane na dakika 32 mchana. Kuanzia 18:00, toa 18. Ikiandikwa 20:15, unapata saa mbili na robo usiku.

Huko ni kuandika. Katika kusema kuna mtego mwingine. Mholanzi akisema "half drie", na "drie" ni tatu, hana maana ya tatu na nusu. Ana maana ya nusu ya kuiendea tatu, yaani 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu. Mimi niliambiwa "half drie" kwa simu, nikaelewa 15:30. Nilifika nimevaa vizuri, karatasi zangu zote mkononi, nikaambiwa muda wangu umepita saa nzima. Nilipangiwa siku nyingine baada ya wiki tatu. Hakuna aliyenionea. Kule miadi ni miadi, na anayekusubiri ana mwingine nyuma yako.

Tangu siku hiyo, mtu akinitajia saa namwomba aiandike kwa tarakimu. Fanyeni hivyo hivyo, wala msione haya. Na ukiona utachelewa, piga simu kabla, si baada.

TRENI NA BASI

Treni nyingi ni za njano na buluu, za kampuni ya reli iitwayo NS. Ziko za aina mbili kubwa. Iliyoandikwa "Sprinter" husimama kila kituo. Iliyoandikwa "Intercity" husimama vituo vikubwa tu. Ukipanda Intercity na kituo chako ni kidogo, utakiona kikipita dirishani. Ikitokea, usifadhaike. Shuka kituo kinachofuata, uvuke upande wa pili, urudi.

Kwenye ubao wa kituo tazama mambo matatu: saa, jina la mji wa mwisho, na namba ya "spoor", yaani reli unayotakiwa kusimama. Namba hiyo huweza kubadilishwa dakika za mwisho, kwa hiyo tazama ubao tena kabla ya kupanda. Neno "vertraging" ni kuchelewa. "Rijdt niet" ni kwamba treni hiyo haiendi. "Uitgang" ni njia ya kutokea.

Mlango wa treni haufunguki wenyewe. Bonyeza kitufe kilichopo mlangoni. Hufungwa kabla ya dakika iliyoandikwa kutimia, na hakuna konda wa kumgongea bodi asubiri. Mabehewa yana namba 1 au 2. Wewe panda la 2, kwa sababu la 1 ni la nauli kubwa. Ukiona sehemu imeandikwa "stilte", maana yake ni kimya. Hapo hatuongei na simu, hata kama ni shangazi anayepiga kutoka Uvira.

Sasa nauli. Tiketi za karatasi za kugongwa mihuri, zilizojulikana kama "strippenkaart", ziliondolewa mwaka 2011. Leo watu hutumia kadi. Unagusisha kadi kwenye nguzo au kilango kituoni kabla ya kupanda, unasikia mlio, na taa inakukubalia. Ukishuka unagusisha tena. Ndani ya basi na tramu mashine iko mlangoni, nako unagusisha ukipanda na ukishuka. Tangu mwaka 2023 unaweza pia kutumia kadi ya benki yako katika usafiri wa umma nchi nzima. Kabla hujafungua akaunti ya benki, mwulize anayekupokea jinsi ya kupata kadi ya usafiri isiyo na jina, ambayo unaijaza fedha mwenyewe.

Shikeni kanuni nne za kadi:

1. Kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawawezi kusafiri kwa kadi moja. Watoto walio chini ya miaka 4 hawalipi kwenye treni.

2. Uliyopandia ndiyo unayoshukia. Usigusishe kadi moja ukipanda na nyingine ukishuka.

3. Usisahau kugusisha unaposhuka. Ukisahau, mashine haijui ulipoishia, nawe unakatwa zaidi ya nauli yako. Kwenye treni kwa kadi isiyo na jina inaweza kuwa euro 20, kwa safari ambayo pengine ilikuwa ya euro 4.

4. Ukibadilisha treni ya kampuni moja kwenda ya kampuni nyingine, gusisha kutoka kwa ile ya kwanza, kisha gusisha kuingia kwa ile ya pili. Jina la kampuni limeandikwa kwenye nguzo.

Nauli si ndogo. Asubuhi na jioni siku za kazi ndiyo saa za msongamano. Nje ya saa hizo kuna kadi za kulipia kila mwezi zinazopunguza bei ya treni. Kama safari yako si ya haraka, subiri. Na treni ikikuchelewesha nusu saa au zaidi, unaweza kudai urudishiwe sehemu ya nauli.

Basi halisimami popote kama daladala. Simama kwenye kituo, kiitwacho "halte", na unyooshe mkono dereva akuone. Ukitaka kushuka bonyeza kitufe mapema. Mabasi mengi hayapokei fedha mkononi. Kupanga safari, watu hutumia huduma iitwayo 9292 kwenye simu. Unaandika alama ya posta unakotoka na unakokwenda, nayo inakuambia basi gani, treni gani na saa ngapi.

BAISKELI

Baiskeli za Uholanzi ni nyingi kuliko watu. Karibu na kituo cha treni cha Utrecht kuna maegesho yenye nafasi 12,500 za baiskeli, chini ya paa moja. Daktari, mwalimu na bibi wa miaka 70 wote wanaendesha. Kule baiskeli si ya kubebea mkaa wala si alama ya umaskini. Ni miguu ya watu.

Kwa mgeni baiskeli ni ukombozi, maana haina nauli. Lakini ina sheria.

Magari na baiskeli hupita mkono wa kulia. Waliotoka Kongo na Burundi walizoea hivyo zamani, lakini watoto wetu waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda wamezoea kushoto. Ukivuka barabara kule, tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Wafundisheni watoto kabla ya kuondoka.

Njia ya baiskeli mara nyingi ni ya rangi nyekundu. Usitembee kwa miguu juu yake wala usisimame hapo kusalimiana. Wageni wengi wanagongwa hapo, si kwa magari. Pia angalieni tramu. Haina uwezo wa kukukwepa, na kwa kawaida ndiyo inayopewa njia.

Ukiona pembetatu nyeupe zimechorwa barabarani kama meno, na ncha zinakuelekea wewe, simama uwape wengine njia. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye wa kwanza, hata akiwa ni mtu wa baiskeli. Ukitaka kupinda, nyoosha mkono upande huo. Giza likiingia, washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tangu Julai 2019 ni kosa kushika simu mkononi huku unaendesha. Polisi wanatoza faini kwa hayo yote, na faini moja yaweza kuzidi bei ya baiskeli kuukuu.

Nunua baiskeli dukani au kwa mtu unayemjua. Mtu wa barabarani akikuuzia baiskeli nzuri kwa bei ya soda, huenda ni ya wizi, na anayenunua mali ya wizi naye ana kosa. Kisha ifunge kwa kufuli mbili, moja ikishikana na nguzo.

Akina mama, msiseme, "Mimi nimeshazeeka, baiskeli ni ya wanaume." Katika miji mingi kuna mafunzo ya baiskeli kwa wanawake wageni. Ulizeni ofisi ya mji, au wafanyakazi wa VluchtelingenWerk, chama kinachowasaidia wakimbizi huko.

MAJI, GIZA NA BARIDI

Mifereji iko kila mahali, mingi bila ukingo wowote. Mtoto asiyejua kuogelea asiachwe acheze peke yake nje. Waholanzi huwapeleka watoto wao kujifunza kuogelea wakiwa wadogo, nanyi fanyeni hivyo. Maji yakiganda wakati wa baridi, usikanyage barafu kwa kuwa umemwona mwingine kafanya hivyo.

Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Utaondoka gizani na kurudi gizani. Mwezi Juni kuna mwanga hadi saa nne usiku. Saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Siku hiyo muulize jirani saa ngapi kabla ya kuondoka.

KARATASI NA MSAADA

Kuanzia umri wa miaka 14, kila mtu hutakiwa kuonyesha kitambulisho akiulizwa na polisi au mkaguzi wa tiketi. Tembea nacho. Polisi akikuuliza, si kwamba umekamatwa. Mwonyeshe, mjibu, uendelee na safari.

Nchi ni ndogo hata unaweza kulala kwenye treni ukaamkia Ubelgiji. Mara nyingi mpakani huoni kizuizi, lakini ukaguzi unaweza kuwekwa wakati wowote. Usivuke bila hati yako ya kusafiria.

Kwa hatari ya kweli, kama moto, ajali au mtu kuzidiwa, piga 112. Ni bure. Sema kwanza mji, kisha alama ya posta na namba ya nyumba. Kwenye vituo vya treni kuna nguzo zenye kitufe cha kuombea msaada. Bonyeza, mtu atakujibu.

Na msiogope kuuliza. Waholanzi hawasalimii kila mpita njia kama sisi, na uso wa mtu njiani unaweza kuonekana umefungwa. Lakini ukisema "mevrouw" kwa mwanamke au "meneer" kwa mwanamume, kisha ukaonyesha karatasi yako, wengi watasimama. Jifunzeni haya leo: "links" ni kushoto, "rechts" ni kulia, "rechtdoor" ni moja kwa moja.

KAZI YA WIKI YA KWANZA

Ninawapa kazi, kama mwalimu. Ukifika, usisubiri siku ya miadi ndipo uijue njia. Siku ya kwanza, zunguka nyumba yako kwa miguu hadi uweze kurudi bila kuuliza. Siku ya pili, nenda hadi kituo cha basi, usome namba zake, urudi. Siku ya tatu, panda basi hadi kituo cha treni na kurudi. Siku ya nne, nenda hadi mlango wa ofisi ambako utaitwa, utazame saa umetumia dakika ngapi, urudi. Ukiitwa kweli, utakuwa unakwenda mahali unapopajua.

Baba na mama, fanyeni wote wawili. Asiwe mmoja ndiye mwenye njia na mwingine mfungwa. Na watoto wakijua kabla yenu, wawafundishe mara moja, kisha waende shule.

Yule mama niliyemtaja, jirani yake mzee wa Kiholanzi alimtembeza njia ya hospitali mara tatu. Mara ya kwanza walikwenda pamoja. Mara ya pili mama alitangulia na jirani akafuata nyuma. Mara ya tatu mama alikwenda peke yake, na jirani akamsubiri kituoni. Alipoonekana akishuka basi, alikuwa analia. Nilimuuliza baadaye alilia nini. Alisema, "Tangu nikimbie nyumbani, hiyo ndiyo mara ya kwanza kwenda mahali kwa sababu nimetaka mwenyewe." Binti yake alirudi darasani wiki hiyo hiyo.

Ndugu zangu, nimemaliza. Mwenye swali aulize, na ambaye safari yake bado, ayahifadhi maneno haya au ampe jirani anayeondoka.